Mali bila daftari: Hifadhidata zinazofuatilia RNA zinazotawala jeni

WATOTO watatu wa familia tatu tofauti walikuwa na dalili zilizokaribiana: ukuaji wa akili na viungo uliochelewa tangu uchanga, maumbile ya uso yasiyo ya kawaida, na ubongo ambao katika picha za mashine ulionyesha kusinyaa. Chanzo cha maradhi hayo kilielezwa mwaka 2024 katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine. Kila mtoto alikuwa amekosa kipande kidogo cha DNA katika nakala moja ya kromosomu ya 15. Upungufu huo haukurithiwa kutoka kwa mzazi yeyote. Ulizuka upya kwa mtoto mwenyewe.

Lililowashangaza wengi ni kuwa kipande kilichokosekana hakikuwa na jeni ya kuunda protini. Kilichopotea ni jeni iitwayo CHASERR, ambayo kazi yake ni kutoa uzi mrefu wa RNA unaodhibiti jirani yake, jeni ya CHD2. Uzi huo unapokosekana, CHD2 hufanya kazi kupita kiasi, nao ubongo wa mtoto hudhurika. Madaktari walikuwa tayari wanajua kuwa upungufu wa CHD2 huleta kifafa na kuchelewa kukua kwa akili. Sasa ikabainika kuwa wingi wake pia ni balaa.

Vipimo vingi vya kurithi hospitalini hukagua zaidi jeni za kuunda protini. Kasoro ya aina hii hupita bila kuonekana, na mzazi huambiwa kuwa hakuna kilichopatikana. Aidha, hata daktari akisoma DNA yote ya mtoto na kuona kuwa kuna kipande kisichokuwepo, atajuaje kama kipande hicho kilikuwa na kazi? Jibu lamtegemea mtu aliyewahi kuandika mahali fulani kwamba RNA hii hutawala jeni ile, kwa njia hii, na kwamba jambo hilo lilithibitishwa kwa jaribio hili.

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Katika taaluma ya jeni, daftari hizo ni hifadhidata za RNA ndefu zisizounda protini. Makala haya yanaeleza zilivyoanza, zinavyofanya kazi, na tahadhari anayopaswa kuwa nayo yeyote anayezisoma.

RNA ndefu ni nini?

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, na karibu kila seli hubeba DNA yenye takriban herufi bilioni 3 za kikemikali. Somo la kawaida la bayolojia shuleni hufundisha kuwa jeni ni sehemu ya DNA yenye maagizo ya kuunda protini. Maagizo hayo hunakiliwa kwanza katika RNA, kisha nakala hiyo husomwa na mitambo ya seli na protini ikaundwa. Kwa mtazamo huo RNA ni tarishi tu: hubeba barua, hufikisha, na kazi yake huishia hapo.

Mradi wa kimataifa wa kusoma jenomu ya binadamu, ulioanza mwaka 1990 na kutangazwa kukamilika mwaka 2003, ulileta fumbo. Kabla ya hapo baadhi ya wataalamu walikuwa wakikisia kuwa binadamu ana jeni kama 100,000. Zilipohesabiwa, zile za kuunda protini zilikuwa takriban 20,000 tu, na sehemu zinazoandika protini hazifiki hata asilimia 2 ya DNA yote. Sehemu kubwa iliyosalia ilikuwa imekwisha kupewa jina la dharau: tangu mwaka 1972, mtaalamu Susumu Ohno alipolitumia neno hilo katika maandishi yake, ilizoeleka kuitwa takataka.

Mwaka 2005, watafiti wa mradi wa FANTOM ulioongozwa na taasisi ya Riken nchini Japani walitoa matokeo yaliyotikisa dhana hiyo. Walionyesha kuwa sehemu kubwa ya jenomu ya panya hunakiliwa katika RNA, hata pale ambapo hakuna protini inayoundwa. Swali likawa: seli ina faida gani kuandika barua zisizotumwa kokote?

Nyingi kati ya RNA hizo ni ndefu. Kwa desturi ya wanasayansi, RNA isiyounda protini ikiwa na herufi zaidi ya 200 huhesabiwa kuwa ndefu. Mpaka huo uliwekwa kwa urahisi wa kazi za maabara tu, na mwaka 2023 kundi la wataalamu lilipendekeza usogezwe hadi herufi 500. Zipo pia RNA fupi mno za herufi 22 hivi, ziitwazo maikro-RNA, ambazo ugunduzi wake uliwapatia Victor Ambros na Gary Ruvkun Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2024.

Mfano wa mahali pa ujenzi unafaa hapa. Protini ni mafundi: wapo wanaobeba mawe, wapo wanaochanganya saruji, na wapo wanaofunga milango. Lakini mjengo wenye mafundi wengi bila mnyapara huishia kuwa vurugu. Kuna RNA ndefu zinazofanya kazi ya mnyapara: huamua fundi yupi aanze kazi, yupi angoje, na yupi arudi nyumbani.

Zinavyotawala

RNA ndefu za kwanza kujulikana zilipatikana kabla hata ya mradi wa jenomu kushika kasi. Mwaka 1990 watafiti walieleza kuwa zao la jeni iitwayo H19 ni RNA isiyogeuzwa kuwa protini. Mwaka uliofuata ikatangazwa XIST, ambayo hadi leo ndiyo inayoeleweka kuliko nyingi.

Mwanamke ana kromosomu mbili za X ilhali mwanamume ana moja. Iwapo zote mbili zingefanya kazi kikamilifu, seli za mwanamke zingekuwa na mazao maradufu ya jeni za X. Mwaka 1961 mwanasayansi Mwingereza Mary Lyon alipendekeza kuwa kila seli ya kike huzima kromosomu moja ya X. XIST ndiyo inayoizima. Uzi huo wenye takriban herufi 17,000 hutolewa na kromosomu ile ile itakayozimwa, huitandaa yote kama blanketi, kisha huita protini za kufunga jeni. Paka jike mwenye mabaka ya manjano na meusi ni ushahidi wa kuonekana kwa macho: jeni ya rangi ya manjano iko katika X, na kila baka huonyesha ni X ipi iliyoachwa wazi katika seli za mahali hapo.

CHASERR nayo hufanya kazi kwa jirani yake wa karibu katika kromosomu ile ile. Nyingine hudaiwa kufika mbali. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza kuhusu HOTAIR, RNA ya herufi 2,158 inayotolewa na kromosomu ya 12, wakasema kuwa hunyamazisha jeni zilizo katika kromosomu ya 2. Kuna kundi la tatu ambalo husemekana kufanya kazi kama sifongo: hunyonya maikro-RNA na kuzizuia zisikandamize jeni nyingine, nadharia iliyopewa umbo kamili mwaka 2011.

Kwa ufupi, hakuna kanuni moja. Protini ikisomwa herufi zake, mtaalamu huweza mara nyingi kukisia kazi yake kwa kuilinganisha na nyingine zinazofahamika. RNA ndefu haitoi fununu hizo kirahisi. Isitoshe, nyingi hubadilika haraka kutoka kiumbe kimoja hadi kingine, hivi kwamba iliyo kwa binadamu huenda isipatikane kwa panya. Kila moja yapasa kuchunguzwa peke yake, na kila matokeo yapasa kuandikwa.

Daftari za majina

Kazi ya kwanza ya daftari yoyote ni kujua ni nani aliyemo. Jambo hilo ni gumu kuliko linavyosikika. RNA ile ile iligunduliwa na maabara mbili zisizojuana, kila moja ikaipa jina lake. MALAT1, iliyoelezwa mwaka 2003 katika saratani ya mapafu, iliitwa pia NEAT2 na wengine. PCA3, iliyogunduliwa mwaka 1999 katika saratani ya tezi dume, ilijulikana kwanza kama DD3. Mtafiti anayetafuta jina moja hukosa yote yaliyoandikwa chini ya jina la pili.

Hifadhidata ya NONCODE, iliyoanzishwa na watafiti wa Chuo cha Sayansi cha China na kuelezwa mwaka 2005, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kukusanya RNA zisizounda protini mahali pamoja. Barani Ulaya, mradi wa GENCODE wenye makao yake karibu na Cambridge, Uingereza, hukagua jenomu ya binadamu kipande kwa kipande na kuipa kila jeni nambari isiyobadilika. XIST, kwa mfano, ni ENSG00000229807, liwe lolote lile jina litakalotumiwa na maabara. Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, kilianzisha LNCipedia, na mwaka 2014 ikazinduliwa RNAcentral, inayounganisha hifadhidata nyingi ili mtu aulize mara moja tu.

Hata hivyo, daftari hizi hazikubaliani. Mwaka 2012 GENCODE ilitangaza jeni 9,277 za RNA ndefu za binadamu. Kufikia mwaka 2018 orodha yake ilikuwa na takriban 16,000, ilhali toleo la NONCODE la mwaka huo huo lilihesabu zaidi ya 96,000. Mwaka 2024, baada ya mitambo mipya inayosoma nyuzi ndefu za RNA kutumika, GENCODE nayo ilivuka 30,000.

Tofauti hiyo haimaanishi kuwa upande mmoja unadanganya. Kila daftari ina mlango wake. GENCODE hudai ushahidi mwingi kabla ya kumpokea mgeni, na hukaguliwa na watu, si tarakilishi pekee. NONCODE ilifungua mlango mpana zaidi ili kisipotee kitu. Anayetaka orodha ya kuaminika kwa kazi ya hospitali ataanza na ya kwanza; anayewinda jambo jipya atapitia ya pili pia. Kosa ni kunukuu idadi ya mojawapo bila kueleza mlango uliotumika.

Daftari za matendo

Kujua jina la mnyapara si kujua amri zake. Kwa hivyo ikahitajika aina ya pili ya hifadhidata, ile ya kuandika nani humtawala nani.

Mwaka 2011 watafiti wa Australia walitangaza lncRNAdb, iliyokusanya RNA ndefu ambazo kazi zake zilikuwa zimeelezwa katika majarida. Mwaka 2013 ikaelezwa LncRNADisease ya Chuo Kikuu cha Peking, inayohusisha RNA hizi na magonjwa. Mjini Harbin, kaskazini mashariki mwa China, kulichipuka kadhaa: LncRNA2Target ya mwaka 2015, Lnc2Cancer ya mwaka 2016 inayojishughulisha na saratani, na LncTarD iliyoelezwa mwaka 2020. Hii ya mwisho ilianza na mahusiano zaidi ya 2,800 baina ya RNA ndefu na jeni zinazotawaliwa. Toleo lake la pili, la mwaka 2023, lilipita 8,000.

Usione vyaelea, vimeundwa. Nyuma ya kila safu katika daftari hizi kuna mtu aliyesoma makala nzima ya kisayansi. Msomaji huyo huchukua jina la RNA na kulioanisha na nambari rasmi. Huandika jeni inayotawaliwa, na iwapo hupandishwa au hushushwa. Huongeza njia inayotumika, aina ya seli au kiungo, kiumbe chenyewe, ugonjwa unaohusika, mbinu ya jaribio, na mwisho nambari ya makala ili anayetilia shaka arudi kwenye chanzo. Wasomaji wawili wakitofautiana kuhusu makala moja, wa tatu huamua. Ni kazi ya uhariri isiyo na sifa, lakini bila hiyo maelfu ya makala yanayotolewa kila mwaka yangebaki kama karatasi zilizorundikwa stoo.

Jaribio lililo thabiti zaidi katika daftari hizi ni lile la kuondoa na kutazama. Mtafiti huizima RNA ndani ya seli, kisha hupima ni jeni zipi zimebadilika. Baadaye huirudisha au kuiongeza, na kutazama kama mabadiliko yanageuka. LncRNA2Target ilijengwa hasa kwa matokeo ya aina hiyo.

Kuna aina ya tatu, ile ya utabiri. Hifadhidata kama starBase ya Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen mjini Guangzhou, ambayo sasa huitwa ENCORI, huchukua vipimo vikubwa vinavyoonyesha ni protini gani iliguswa na RNA gani, na kwa hesabu hukisia mahusiano mengi kwa mpigo. Kazi hiyo ni ya thamani kubwa kwa anayetafuta pa kuanzia. Lakini mahusiano yaliyokisiwa hayafai kusomwa kwa uzito sawa na yale yaliyojaribiwa.

Jogoo na jua

Jogoo huwika na jua huchomoza, lakini hakuna anayeamini kuwa jogoo ndiye alipandishaye jua. Mtego huu ndio unaowanasa wengi katika hifadhidata za RNA ndefu. RNA fulani ikipatikana kwa wingi katika uvimbe wa saratani, safu huandikwa kuwa inahusiana na saratani. Huenda ndiyo inayosababisha. Huenda ni dalili tu. Huenda pia ni kelele za seli iliyovurugika.

MALAT1 ni funzo zuri. Iligunduliwa kwa kuwa wingi wake katika uvimbe wa mapafu uliashiria kuwa saratani ingesambaa. Ipo kwa wingi katika seli nyingi za mwili, na wataalamu walitarajia kuwa kiumbe akiikosa ataangamia. Mwaka 2012 makundi matatu ya watafiti, kila moja kivyake, yalizalisha panya wasiokuwa nayo kabisa. Panya hao waliishi, wakakua na kuzaana kama kawaida. Uhusiano wake na saratani haukufutika, lakini ilidhihirika kuwa wingi wa kitu si kipimo cha umuhimu wake.

HOTAIR ilileta mvutano mkubwa zaidi. Mwaka 2010 utafiti ulionyesha kuwa wagonjwa wa saratani ya matiti wenye HOTAIR nyingi walikuwa katika hatari zaidi ya ugonjwa kusambaa na kifo. Ikawa maarufu, na makala zikamiminika. Mwaka 2013 watafiti waliripoti kuwa panya walioondolewa RNA hiyo walipata kasoro za mifupa. Mwaka 2016, kundi jingine nchini Uswisi likachunguza upya panya wa aina hiyo na kusema kuwa halikuona athari kubwa. Daftari iliyo nzuri huonyesha pande zote mbili. Iliyo dhaifu humpa msomaji safu ya kwanza na kumwacha aamini kuwa kesi ilikwisha kuamuliwa.

Kipimo cha upana wa tatizo kilitolewa mwaka 2017 na watafiti wa California katika jarida la Science. Walitumia mbinu ya kisasa ya kuhariri jeni kuzima RNA ndefu katika maeneo 16,401 ya jenomu, katika aina saba za seli. Ni maeneo 499 pekee yaliyopatikana kuwa muhimu kwa ukuaji wa seli. La kutia fikira zaidi, asilimia 89 ya hayo yalikuwa muhimu katika aina moja tu ya seli. Maana yake ni kuwa safu isemayo RNA hii hutawala jeni ile, bila kutaja ni katika seli gani, imeacha nusu ya habari. Linalotokea katika ini huenda lisitokee kamwe katika ubongo.

Ipo kasoro nyingine isiyoonekana kwa urahisi. RNA zilizo maarufu huchunguzwa zaidi kwa kuwa ni maarufu, na hivyo safu zake huongezeka. Jaribio lisiloonyesha athari yoyote mara nyingi halichapishwi, wala haliingii daftarini. Fauka ya hayo, katika miaka ya karibuni majarida yamelazimika kufuta makala kadhaa kuhusu RNA na saratani baada ya kubainika kuwa picha au takwimu zake hazikuwa za kuaminika. Makala ikifutwa huku safu yake ikibaki katika hifadhidata, uongo huendelea kunukuliwa kwa jina la sayansi.

Faida iliyokwisha kuonekana

Pamoja na dosari hizo, daftari hizi zimewekwa kwa kazi, nayo kazi inaonekana. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kipimo cha mkojo kinachopima PCA3. Kipimo hicho humsaidia daktari kuamua iwapo mwanamume aliyewahi kukatwa vinyama vya tezi dume bila saratani kuonekana anahitaji kurudia utaratibu huo wenye maumivu. Hapa RNA haikuhitaji kuwa kisababishi. Ilitosha kuwa dalili ya kuaminika. Ndiyo sababu daftari yapaswa kutenganisha mambo hayo mawili.

Kwa upande wa magonjwa ya kurithi, uchunguzi wa jenomu za watu wengi umeonyesha kuwa tofauti nyingi za DNA zinazohusishwa na maradhi kama kisukari na shinikizo la damu ziko nje ya sehemu za kuandika protini. Mtafiti akipata tofauti kama hiyo, swali lake la kwanza huwa: kuna nini hapa? Hifadhidata humwambia kama kuna RNA ndefu inayotolewa mahali hapo, na ni jeni gani inayoaminika kutawaliwa nayo.

Kisa cha CHASERR chaonyesha mnyororo huo ulivyofanya kazi. Mwaka 2019, miaka mitano kabla ya habari za watoto wale kuchapishwa, watafiti wa Taasisi ya Weizmann nchini Israeli walikuwa wameeleza kuwa panya wanaokosa RNA hiyo huwa na CHD2 nyingi kupita kiasi, na hudumaa au kufa wangali wachanga. Wakati huo ilikuwa habari ya panya tu. Lakini ilikuwa imeandikwa, na jina la jirani aliyetawaliwa lilikuwa limetajwa. Madaktari walipokuta pengo katika kromosomu ya 15, hawakuanza gizani.

Afrika iko wapi?

Daftari huandika kile kilicholetwa mezani, na kwa muda mrefu kilicholetwa kilitoka sehemu chache za dunia. Jenomu ya marejeleo iliyotumiwa na maabara zote kwa miaka mingi ilikuwa imetokana kwa takriban asilimia 70 na mtu mmoja aliyejitolea mjini Buffalo, Marekani. Ni mwaka 2023 tu ndipo ilipochapishwa rasimu ya marejeleo mapya yanayojumuisha jenomu za watu 47 wa asili mbalimbali, wakiwemo wenye asili ya Kiafrika.

Pengo hilo lina uzito wa pekee kwa RNA ndefu. Binadamu wana tofauti nyingi zaidi za DNA barani Afrika kuliko kwingineko, kwa sababu hapa ndipo walipoishi kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 2020, utafiti uliochunguza jenomu za watu 426 wa makundi 50 ya lugha na kabila barani ulipata zaidi ya tofauti milioni 3 ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Nyingi ya tofauti za aina hiyo huangukia nje ya jeni za protini, yaani katika eneo ambalo wanyapara hawa wanaishi. Hospitali ikikuta tofauti kama hiyo kwa mtoto wa Kiafrika, haiwezi kujua kama ni ugonjwa au ni hali ya kawaida ya watu wake, isipokuwa mtu awe ameiandika.

Hatua zimepigwa. Mpango wa H3Africa, uliofadhiliwa na taasisi za afya za Marekani na Uingereza hadi mwaka 2022, ulijenga uwezo wa maabara na wa tarakilishi barani. Chini yake, utafiti wa AWI-Gen ulikusanya sampuli za takriban watu wazima 12,000 katika vituo sita, kimojawapo kikiwa Nairobi, katika mitaa ya Korogocho na Viwandani. Hata hivyo, sampuli hizo zilisomwa zaidi kwa DNA. Kazi ya kupima RNA katika seli za Waafrika, ambayo ndiyo huonyesha nani humtawala nani, bado ni ndogo ikilinganishwa na ukubwa wa bara.

Kuna habari njema kwa wanafunzi. Nyingi ya hifadhidata hizi hazitozi ada. Mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye tarakilishi na mtandao wa intaneti anaweza kusoma safu zile zile zinazosomwa Boston au Beijing, na kuzihoji.

Daftari nayo hufa

Hatari ya mwisho ni ya kawaida kabisa, nayo ni pesa. Hifadhidata nyingi huanzishwa kwa ruzuku ya miaka michache. Ruzuku ikiisha, mwanafunzi aliyeijenga akahitimu na kuondoka, tovuti hubaki bila mtunzaji. Safu mpya hukoma, kisha siku moja tovuti haifunguki tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulifuatilia hifadhidata 326 za bayolojia zilizokuwepo mwaka 1997. Baada ya miaka 18, zaidi ya asilimia 60 zilikuwa zimetoweka.

Ndiyo maana miradi ya kuunganisha kama RNAcentral ina umuhimu: daftari moja ikifungwa, yaliyomo yaweza kuokolewa na nyingine. Ndiyo maana pia anayetumia hifadhidata hushauriwa kutaja toleo na mwaka, na kuhifadhi nakala ya alichokisoma.

Kwa anayefungua mojawapo ya daftari hizi kwa mara ya kwanza, maswali matano yanatosha kuanzia. Je, RNA hii ina nambari rasmi, au jina la maabara tu? Uhusiano huu ulijaribiwa au ulikisiwa? Ulionekana katika seli gani, na ya kiumbe gani? RNA ilipozimwa, kuna kilichobadilika? Na je, makala iliyotajwa ingali imesimama?

Asiyeyauliza maswali hayo atabeba daftari zima bila kujua deni lililomo. Watoto wale watatu hawakupata tiba siku jina la ugonjwa wao lilipojulikana. Tiba bado haijapatikana. Walichopata wazazi wao ni jibu, pamoja na habari kuwa kasoro ilizuka yenyewe na hawakuirithisha. Mtoto wa nne atakayefika hospitalini na pengo lile lile ataikuta safu yake imekwisha kuandikwa.